Siku Niliyoingia Mbioni na Kasike Kichwani

Kuna watu hapa Kigali mpaka leo wakiniona hawaniiti Festo, wananigonga kichwani kwa vidole viwili, ko ko ko, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nifanye nini sasa. Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana nimesikia ile inayozunguka kwenye magereji ya Gikondo imeongezwa chumvi mpaka eti nilikuwa nimevaa na miwani ya kuchomelea vyuma. Miwani si kweli. Hayo mengine yote, ndiyo, yalitokea, tena mchana kweupe, tena mbele ya mtu ambaye nilikuwa namuomba binti yake.

Ngoja nirudi nyuma kidogo (na mnisamehe nikisimama simama, hii habari siwezi kuisimulia nimekaa, miguu inawasha).

Mimi ni mtu wa Singida, nilikuja Kigali kwa kazi ya spea za magari, stoo yetu iko Gikondo na nalala hukohuko, na kwa kuwa kutwa nzima natumwa huku mara kule, maisha yangu yote yako nyuma ya pikipiki. Na huku sheria ni sheria, abiria bila kofia ngumu pikipiki haiondoki, ile kofia wanaiita kasike, kila dereva anayo ya kwake na ya abiria, na mimi nimevaa kasike za abiria mpaka nikiweka kichwa ndani nakuambia aliyenitangulia alipaka mafuta gani ya nywele.

Basi nikampenda Claudine wa mtaa wa Niboye, anauza duka la dawa, mpole wa sura lakini ulimi wake usiuguse, na mapenzi yakafika pale ambapo lazima baba yake aseme neno. Kwa desturi ya huku wazee wa mvulana wanakuja kwanza kubisha hodi rasmi kwa kina msichana, ndipo mengine yafuate, lakini hawaji tu kama wanaenda sokoni, wanakuja baba wa binti akishasema njooni siku fulani. Huko Singida baba yangu mdogo alishashonesha suti ya kazi hiyo. Kila jioni ananipigia, "Festo, mzee wa watu amesema lini?" na mimi kila jioni, "Bado, baba, bado," mpaka nikaanza kuiogopa simu yangu mwenyewe.

Sasa huyo baba wa Claudine, Mzee Gatera, ndiye mwenye habari yote hii. Amekulia Karagwe, Kiswahili anakijua, nikimwamkia shikamoo anafurahi mpaka macho yanafumba, na kabla ya kustaafu alifundisha mazoezi shuleni miaka na miaka. Hajaacha. Kila Jumapili asubuhi anakusanya vijana wa mtaa wake, wanakimbia, wanaimba, wanaruka, na yeye yuko mbele na kifirimbi shingoni. Ukimuuliza mshahara wako unatosha kuoa hakusikilizi. Anakuuliza unaamka saa ngapi.

"Kijana ambaye hawezi kuuambia mwili wake amka, na mwili ukaamka," aliniambia siku ya kwanza nimekaa sebuleni kwake nimeshika kikombe, "huyo mke atamwambia nini? Mtoto atamwambia nini?"

Na msimcheke, maana mambo yake yanaonekana kwa macho. Kuna kijana mmoja pale, Patrick, Claudine anasema zamani alikuwa analala mpaka saa sita mchana, kazi akipewa leo kesho ameiacha, mama yake analia kwa majirani. Mzee akawa anakwenda kumgongea dirisha, kila Jumapili, bila kumtukana, anagonga tu na anasubiri. Leo Patrick ndiye anayefika wa kwanza, ana kazi kwenye karakana ya milango, na ameishika. Kwa hiyo Mzee aliponiuliza kama na mimi ni mtu wa mazoezi, nilijibu haraka, "Sana, Mzee!" (nabeba gia boksi stoo, jamani, si mazoezi hayo?)

"Vizuri. Jumapili hii barabara zinafungwa, magari hayapiti, mji mzima unafanya mazoezi. Uje ukimbie na sisi. Lakini kwangu mazoezi yanaanzia mlangoni, kila mtu anakuja kwa miguu yake kutoka anapolala. Tukimaliza tunarudi hapa tunakunywa chai, na nitakuambia wazee wako waje lini."

Claudine akanisindikiza mpaka getini. Akaniambia polepole, "Festo, Papa akisema hapana, mimi sitampita. Unasikia? Amka."

Nikamwambia nimeamka tayari.

Jumapili simu ikalia kukiwa bado giza, nikaizima, nikakaa kitandani, nikaona hali ya hewa ni ya baridi na kuna manyunyu kwenye bati, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo, mdogo kabisa, ambao ningeweza kuurudisha ningetoa hata jino: nilisema ngoja nijinyooshe kidogo. Kujinyoosha tu! Nikafumba macho nijinyooshe vizuri. Nilipoyafumbua kuna mwanga dirishani, ndege wanapiga kelele, na jirani yangu anarudi kutoka ibada ya kwanza.

Sikunawa. Nilivaa kaptula, fulana, raba, nikatoka mbio mpaka barabarani, nikatazama ule mlima wa kutoka Gikondo, nikatazama miguu yangu, na kabla dhamiri haijafungua mdomo pikipiki ikasimama mbele yangu.

"Boss, tunaenda?"

Dereva alikuwa mtu mnene kiasi, koti lake la kazi limefungwa mpaka shingoni, jina lake nilikuja kulijua baadaye kuwa Bosco. Nikamwambia Niboye, upesi, nikamlipa palepale kwa simu nisije nikachelewa kushuka. Akanivalisha kasike mwenyewe, akanifunga mkanda chini ya kidevu, akasikiliza ule mlio, tak.

"Hii kifungo iko na tabia yake," akasema. "Usifungue wewe. Mimi njo nafungua, mimi mwenyewe."

Nikasema sawa sawa twende. Nani anasikiliza habari za kifungo!

Mpango wangu ulikuwa mzuri, naomba mkubali. Nishuke kwenye kona kabla ya pale wanapokusanyika, nizunguke ukuta nikikimbia, niheme kidogo kwa maonyesho, basi. Tukafika kwenye kona, nikaruka chini, na wakati huohuo askari wa usalama barabarani akapuliza filimbi, maana walikuwa wanaanza kufunga barabara, akamwonyesha Bosco kwa mkono ageuze, geuza, geuza! Bosco akageuza akaondoka zake akimtazama askari, mimi nikageuka nikaondoka zangu nikimuwaza Mzee, na kati yetu sisi wawili hakuna aliyekumbuka kichwa changu.

Nilikumbuka nikiwa nimeshaanza kukimbia. Nikasema loo, nikaweka vidole chini ya kidevu nifungue. Haifunguki. Nikavuta. Nikabonyeza kushoto, nikabonyeza kulia, nikabonyeza pande zote mbili kwa pamoja kama mtu anayejinyonga mwenyewe, na nikiwa kwenye hali hiyo hiyo, mikono shingoni, viwiko juu, ukuta ukaisha na nikatokea mbele ya kundi zima la Mzee Gatera.

Wote wakageuka.

"Festo," akasema Mzee. "Umekuja."

"Nimekuja, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa miguu?"

"Kwa miguu, Mzee." (Ile kona nayo si nilipita kwa miguu?)

Akanizunguka polepole kama mtu anayekagua gari la mtumba. "Na hicho kichwani?"

Hapa ndipo ningesema. Hapa! Nimelala, nimepanda pikipiki, kifungo kimekwama, nisaidieni. Maneno machache, aibu ya siku moja, inaisha. Lakini nilimwona Patrick ananitazama, nikawaza baba mdogo na suti yake, nikawaza Claudine pale getini, na mdomo wangu ukatangulia bila kuniaga.

"Ni mazoezi, Mzee. Nakimbia na uzito kichwani. Inajenga shingo. Inajenga na... na nidhamu."

Mzee akapiga makofi mara moja, kwa nguvu.

"Mnaona?" akawageukia vijana. "Nyinyi mkiambiwa kukimbia na jiwe mkononi mnasema mkono unauma. Huyu amekuja na kasike, kutoka Gikondo, amepanda ule mlima! Festo, kaa mbele. Leo wewe ndiye unayeongoza."

Nikasema nitaitoa sasa, Mzee, nilikuwa nayo tu ya kupashia moto mwili.

"Hapana! Umeanza nayo, utamaliza nayo. Nidhamu ni hiyo."

Jamani, mmewahi kukimbia mmevaa kasike? Msijaribu. Kwanza kile kioo cha mbele hakikai juu, kila ukikanyaga chini kinashuka, paa, unakipandisha, hatua mbili, paa, halafu pumzi zako zinakifunika ukungu huoni mbele, unafuata rangi. Pili, vijana wanaimba nyuma yako na wewe kiongozi unatakiwa uitikie, na sauti yako mwenyewe inazunguka humo ndani inakurudia masikioni kama unajigombeza. Tatu, jua lilitoka. Manyunyu yote ya asubuhi yalikwisha, jua la Kigali likaja kamili kana kwamba limeitwa, na kichwa changu kikawa kinapikwa taratibu.

Na watu! Siku barabara zikifungwa mji mzima unatoka, kina mama na vitenge vyao viunoni, watoto na baiskeli, wazee wanatembea mikono nyuma, na wote wakifika kwangu wanasimama. Simu zinatoka. Mama mmoja alinionyesha kwa mtoto wake, sijui alimwambia nini kwa Kinyarwanda, mtoto akaanza kulia. Patrick alikuwa anakimbia ubavuni kwangu anauliza, kwa heshima kabisa, "Kaka Festo, shingo inauma au haiumi?" na mimi namjibu, "Mwanzoni inauma, baadaye unazoea," nikiwa natamani kukaa chini katikati ya lami nife.

Kitu kilichonisumbua zaidi hata kuliko joto ni Mzee. Alikuwa na furaha. Alikimbia karibu yangu, mtu wa umri ule, mgongo umenyooka, mara moja moja ananigusa bega na kusema, "Endelea, mwanangu." Mwanangu! Neno ambalo nililisubiri mwaka mzima, nimelipata nikiwa na kofia ya watu kichwani na uongo mdomoni, na kila alipolisema nilihisi limenikaa tumboni kama ugali mbichi.

Sasa huku nyuma, mimi nisijue, Bosco alikuwa amepata abiria mwingine. Abiria akanyoosha mkono apewe kasike, Bosco akageuka kuichukua, haipo. Dereva bila kasike ya abiria hana kazi siku hiyo, na askari akimkuta ndiyo balaa zaidi. Akakumbuka mtu wa Niboye. Akarudi mpaka kwenye kona, barabara imefungwa, pikipiki hairuhusiwi, basi akaiacha kwa dereva mwenzake akaingia kwa miguu, na koti lake, na viatu vyake vizito, na kasike yake mwenyewe kichwani kwa sababu kwa hasira alisahau kuivua. Alikuwa anauliza watu, "Mmeona mtu anakimbia na kasike?" na kila mtu, bila ubishi, anamwonyesha, kule, amepita, endelea mbele.

Sisi tukafika kwenye uwanja wa wazi ambako umati wote unakusanyika kufanya mazoezi ya viungo, kuna jukwaa, kuna spika kubwa, kuna hema la wauguzi wanaopima watu presha, na juu ya jukwaa kuna mwalimu wa mazoezi mwenye fulana ya kubana anayeruka kama hana mifupa. Nikasema moyoni afadhali, hapa nitapotea kwenye umati, nitafute kisu. Yule mwalimu akaniona. Atashindwaje kuniona?

"Wewe! Wa kasike! Njoo juu!"

Nilijificha nyuma ya Mzee. Mzee ndiye aliyenisukuma mbele kwa mikono yake miwili, anacheka, "Panda, panda, waambie!" Vijana wa Niboye wakapiga kelele za kunishangilia. Nikapanda ngazi, na mwalimu akanipa kipaza sauti na kuuliza kwa Kinyarwanda, halafu kwa Kiswahili aliponiona nimeganda, haya mazoezi ya kasike ni ya nini.

Ningenyamaza, nadhani ningepona. Lakini mimi nikiogopa huwa naongea. Nikahubiri. Humo ndani sikuzisikia spika vizuri kwa hiyo nilipiga kelele, na spika zikapiga kelele zaidi, ikawa uwanja mzima unanisikia nikisema mazoezi yanamjenga kijana, yanamfundisha kuamka mapema hata kukiwa na mvua, yanamfundisha kutotafuta njia ya mkato, kijana wa mazoezi akisema nitakuja kwa miguu anakuja kwa miguu, kijana wa mazoezi hasemi uongo! (Sijui nilikuwa naongea na nani. Nafikiri nilikuwa naongea na mimi.) Watu wakapiga makofi. Mzee Gatera pale chini akainua ngumi juu.

"Sasa vua," akasema mwalimu, "tukuone sura."

Nikasema hapana, ni sawa tu.

"Vua, vua!" umati ukaitikia.

Nikashika kifungo nikavuta. Mwalimu akashika akavuta. Tukavutana, mimi na yeye, kwenye jukwaa, kioo kikashuka, paa. Akaita muuguzi kutoka kwenye hema, dada wa watu akaja na mkasi wake, akaushika mkanda, na hapo ndipo niliposikia sauti inatoka katikati ya watu, sauti ya mtu aliyekimbia sana na bado ana pumzi ya kukasirika.

"Usikate! Mana yanjye, Mungu wangu, usikate! Ni kasike yangu!"

Watu wakagawanyika, na huyo Bosco anakuja, koti limelowa jasho, na yeye kasike kichwani. Nilimsikia Patrick akisema, "Huyu naye anajenga shingo?"

Bosco akapanda ngazi. Wala hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisimama mbele yangu, kasike kwa kasike, na kile kipaza sauti nilikuwa bado nimekishika karibu na kidevu changu, kwa hiyo kila alichosema alikisema kwa Kigali nzima.

"Boss, mbona unanifanya hivi? Nimekubeba vizuri kutoka Gikondo, nimekushusha pale kwa kona ya Niboye, sikukukimbiza, sikukuangusha. Sasa unakimbia na kasike yangu, mimi nafanya kazi na nini?"

Watu wakatazamana.

Halafu kicheko. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kilianzia mbele kikarudi nyuma kikapanda mpaka kwenye kuta za majumba, mwalimu alikaa chini, muuguzi alijifunika uso na mkono wenye mkasi, Patrick alikuwa amelala kwenye nyasi anapiga ardhi. Bosco mwenyewe hakuelewa wanacheka nini. Aliweka kidole gumba chini ya kidevu changu, akakizungusha kidogo upande, tak, ikafunguka kirahisi hivyo, hewa ikaingia, na nikamwona Mzee Gatera vizuri bila kioo wala ukungu.

Hakuwa anacheka.

Nikashuka. Nywele zimelala, masikio yanawaka, nikasimama mbele yake na wote wakatuzunguka.

"Ulishukia wapi?" akauliza, kwa sauti ya kawaida tu.

"Pale kwenye kona, Mzee."

"Kwa hiyo ulichokimbia asubuhi hii kuja kwangu ni ule ukuta."

"Ndiyo, Mzee. Nililala. Nilisema nijinyooshe kidogo, nikalala. Nisamehe."

Akanitazama. Kama angenifokea mbele ya watu wale ningeshukuru, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyepewa zawadi halafu akaambiwa si yako. Akamgeukia Bosco. "Wewe umekimbia kutoka kona mpaka hapa na hayo mabuti?"

"Ningefanya nini, Mzee? Ni kazi yangu."

"Njoo unywe chai."

Akapuliza kifirimbi, vijana wakapanga mstari, wakaondoka naye na Bosco katikati yao. Mimi sikuambiwa njoo wala usije, nikabaki pale uwanjani na watu wanaopita wananigonga kichwani, ko ko ko, na ndiyo ulikuwa mwanzo wa hiyo tabia.

Nilirudi Gikondo kwa miguu. Simu ikalia, nikadhani baba mdogo, kumbe Claudine.

"Festo, kuna mtu wa pikipiki hapa kwetu anakula maandazi yako."

"Papa amesema nini juu yangu?"

"Hajataja jina. Anasema 'yule'." Nikasikia anafunga mlango. "Nimeona video. Mtaa mzima wameiona. Nimecheka, Festo, nisikudanganye, nimecheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakawa ya kweli. Nilikuambia amka."

Wiki ile sikukaa mahali. Kazini naagizwa breki naleta klachi, chakula kinapoa, nikilala nageuka, nikigeuka nasikia tak. Baba mdogo akipiga nasema mtandao mbaya. Nikafikiria kuandika ujumbe kwa Mzee, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, nikaona maneno yangu yameshapoteza bei kwa mtu yule, hata ningeapa vipi. Kilichobaki kwangu ni miguu.

Jumapili iliyofuata nikatoka Gikondo na giza lake. Hakuna aliyenialika. Ule mlima ulinionyesha kazi, mara mbili nilisimama nikashika magoti, na pikipiki zilikuwa zinapita taratibu ubavuni zinaniita kwa honi. Nilipofika Niboye walikuwa wameshaondoka. Nikawafuata kwa kusikia nyimbo zao, nikawapata wanarudi, natiririka jasho, na Mzee akaniona, hakupunguza mwendo. Ila alisogea kidogo upande, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye mstari, nikaingia.

Na Jumapili nyingine. Na nyingine. Chai sikuitwa, nilikuwa nakimbia nao, tukimaliza nageuza naondoka. Kuna asubuhi mwili ulikataa kabisa, unanibembeleza, unaniambia nani atajua, na mimi naukokota hivyo hivyo kama mtu anayemtoa mbuzi shambani, na kuna asubuhi moja nikashtuka niko juu ya ule mlima na sikumbuki kama tuligombana. Hapo ndipo nilipoelewa Mzee aliniambia nini siku ile ya kwanza nimeshika kikombe. Yale niliyohubiri jukwaani yalikuwa kweli yote, ila mhubiri ndiye alikuwa hajafika. Bosco naye akinikuta njiani huwa ananifuata polepole, ananyanyua ile kasike juu anaitikisa, "Boss, tuvae?" nami namtupia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Jumapili iliyopita tumemaliza, nimeshageuka niondoke, nikasikia kifirimbi. Nikasimama. Mzee Gatera akaja mpaka karibu, akanigonga kichwani kwa vidole viwili, ko ko ko. Yeye mwenyewe! Alikuwa hajawahi.

"Waambie wazee wako waje mwisho wa mwezi," akasema. "Njia ni ndefu, waje na gari. Wewe utakuja kwa miguu."

"Kutoka Gikondo, Mzee?"

"Kwani mlango wako uko wapi?"

Baba mdogo nimemwambia, amelia kwenye simu, amesema na mimi nimeshonewa suti, ya rangi moja na yake, pamoja na viatu vyeusi vya ngozi vyenye soli ngumu. Vimefika jana kwa basi. Naapa sitapanda tena pikipiki ya mtu kabla sijajua kifungo chake kinafunguliwaje, lakini hilo si la leo, leo mniache niende, ule mlima sijawahi kuupanda na viatu vya ngozi na nina Jumapili chache tu za kuvizoea.